Viktoria na Mpira wa Kesho

Siku Gaspard alipoileta ile mashine Arua, niliichukia kabla sijaiona sawasawa. Ilikuja juu ya lori la maharage kutoka upande wa Zaire, imeviringishwa mablanketi na kufungwa kamba kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali, ikashushwa mbele ya baraza langu bila mtu hata kunisalimu. Mimi ni fundi cherehani, jina langu Sulaimani, mtu wa Koboko. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nimekodi nusu ya baraza karibu na soko la Arua, na nusu ya pili alikuwa nayo Viktoria, aliyekaanga muhogo. Chumba cha nyuma yetu kilikaa kitupu tangu watu walipokimbia vita. Gaspard, Mkongomani wa maneno matamu na viatu vyenye ncha, akakifagia, akatundika blanketi dirishani, akawasha jenereta uani, na tangu hapo sikuisikia tena sauti ya cherehani yangu mwenyewe.

"Hii iko nini, Gaspard?" nilimuuliza.

"Mupira, Fundi," akasema. "Mupira ya kesho."

Jina likashika hapo hapo. Mpira wa Kesho lilikuwa kabati refu lenye kioo kifuani, na chini ya kioo vijiti viwili vya kushika na vibonyezo vya rangi. Tundu lake lilidai sarafu ya nchi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuifikiria, kwa hiyo Gaspard alifungua mgongo wa mashine akafunga waya humo. Ukimpa noti yako anavuta waya, mashine inadhani imelishwa. Maandishi yake yalikuwa ya kigeni kabisa, si ya Kizungu wala ya Kiarabu, isipokuwa namba moja kubwa pale juu ambayo kila mtu aliweza kuisoma: 2090.

Na ndani ya kioo, jamani! Uwanja wa mpira wa rangi ya buluu unaelea angani, na chini yake hakuna kitu ila nyota. Juu yake miezi miwili, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, inapishana taratibu. Wachezaji ni watu wa chuma wasio na nyuso. Mpira unawaka, na ukipigwa kwa nguvu unaacha mkia wa moto nyuma yake. Mchezaji akigongwa sana anaanguka na kuvunjika vipande, na mara hiyo hiyo kinashuka kitu kama kitanda kinachoruka, kinambeba, kinapotea naye. Baada ya kitambo anarudi mzima, anang'aa, na mchezo unaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Mji uliipokea mashine hiyo kwa kichwa na kwa miguu. Vijana waliacha boda zao zimelala barabarani. Mafundi baiskeli walikuja na mikono yenye grisi, Gaspard akawa anawafukuza waende kunawa. Katekista mmoja alisema ni kazi ya shetani, kisha akaja kuhakikisha, akahakikisha mpaka jua likashuka. Watu walitoka Ayivu na Logiri kwa baiskeli kuja kuona watu wa chuma, na mzee mmoja wa Logiri, baada ya kutazama kwa muda mrefu, aliuliza kama huko mvua inanyesha. Hakuna aliyemcheka, maana wote tulitaka kujua. Timu nyekundu tuliiita Koboko, ya buluu tukaiita Arua, na mimi, ambaye nilikuwa nimeapa sitaingia chumba kile, niliingia siku niliyosikia Koboko inapigwa.

Nitasema ukweli ulivyokuwa. Ukiingia mle mchana wa jua kali, ukaacha vumbi na kelele za soko nje, ulikuwa unaingia maji. Giza la blanketi, mwanga wa buluu kwenye nyuso za watu, ngurumo ya jenereta ikisikika kwa mbali kana kwamba ni ya nyumba nyingine. Ukitoka, ardhi ilikuwa inakuyumbia kidogo. Wengi walisema wameuota uwanja ule, na mimi niliuota. Niliota napima suruali ya mchezaji mmoja, mguu wake hauishi, futi yangu inakwisha kabla ya kufika chini. Lakini zaidi ya yote ilikuwa ile namba. Sisi tulikuwa watu tuliokimbia mwishoni mwa mwaka wa themanini, wengine Sudan, wengine Zaire, tukarudi mmoja mmoja kukuta paa hazipo. Hakuna aliyekuwa anahesabu mbele, tulihesabu nyuma tu. Sasa mashine inatuambia kuna mwaka unaitwa 2090, na mwaka huo watu watakuwepo, na watacheza mpira. Kwangu hilo lilitosha.

Viktoria hakuingia. Alikuwa mtu wa Pajulu, mrefu, mkavu wa maneno, anayeweza kugeuza muhogo kwenye mafuta ya moto huku akigombana na wateja kwa Kilugbara, Kiswahili na Lingala bila kuungua kidole. Alikaangia mawese, na mawese aliyanunua kwa mtu mmoja tu, Mama Marcelline, mkulima aliyevuka mpaka kila siku ya soko kubwa na madumu yake kwenye baiskeli. Kuwasikiliza hao wawili ilikuwa burudani yangu. "Leo ngapi?" "Kama juzi." "Juzi ulinichinja." "Nenda kwa mwingine basi." Haendi. Miaka ilipita hivyo, dumu linakuja, dumu linaondoka, na neno lingine halikupita kati yao.

Jambo lililokuwa linamsumbua Viktoria kila mtu wa baraza lile alilijua. Alikuwa na mdogo wake, Dramadri, makanika wa kambi ya jeshi Koboko na winga wa kushoto wa timu ya huko. Mimi nilimwona akicheza. Alikimbia amelalia upande mmoja, mkono wa kushoto ameukunja ubavuni kama mtu aliyeficha kuku chini ya koti, na mabeki walimcheka hadi anapowapita. Mwaka ule wa kukimbia, Dramadri aliwavusha Viktoria, mkewe na binti yake mdogo Paska hadi Zaire, kisha akarudi kumchukua mama yao aliyekataa kuondoka. Mama alifika kwa njia nyingine, akiletwa na majirani. Dramadri hakufika. Mkewe alifariki huko huko ukimbizini, Paska akalelewa na shangazi yake.

Sasa Paska alikuwa msichana mzima, na alikuwa amepata mchumba, Kenyi, kijana wa Koboko mwenye boda na adabu. Ng'ombe wa mahari walikuwa tayari. Kilichokosekana ni mkono wa kuwapokea. Mzee Pitia, baba mdogo wa Viktoria, alikuwa askari tangu enzi za Waingereza, na hasira zikimpanda alikuwa anaacha Kilugbara na kuhamia Kiswahili cha kambini, ili hata sisi majirani tupate faida.

"Viktoria," alisema siku moja, amesimama mbele ya karai la mafuta na fimbo yake. "Ng'ombe ya Paska, mkono ya nani itapokea? Kama baba yake iko hai, sawa, tumungoje. Kama alikufa, tufanye matanga, tumalize, mimi napokea. Lakini mtu hawezi kukaa katikati! Katikati ni wapi?"

"Baba, mimi sijaona mwili."

"Nani aliona mwili? Mwaka ile nani aliona mwili ya nani?"

"Basi sijui," alisema Viktoria, akaendelea kugeuza muhogo. Mzee Pitia alinitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha ukaidi. Paska alikuwa nyuma ya mlango, na alisikia kila neno. Mwaka mmoja mzima ulikuwa umeshapita hivyo, Kenyi anakuja, ananywa chai, anaondoka.

Siku Viktoria alipoingia chumba cha Gaspard, alikuwa anamdai Gaspard sahani yake na bei ya muhogo aliokula. Akabaki mlangoni, sahani mkononi. Nilikuwa ndani, nilimwona. Mchezaji mmoja wa timu nyekundu alikuwa anashuka na mpira upande wa kushoto, chini ya ule mwezi mdogo, na alikuwa anakimbia amelala upande, mkono mmoja umekunjwa ubavuni.

Wachezaji wa mashine ile kila mmoja alikuwa na mwendo wake. Sijui aliyewachora alikuwa anawaza nini, pengine aliona inapendeza tu. Sisi tulikuwa tunautazama mwendo ule siku zote bila kuuona. Viktoria aliuona mara moja.  Gaspard akamlipa noti yake, naye akamrudishia hiyo hiyo.

"Mama, utacheza?" Gaspard aliuliza.

"Vuta waya yako."

Vijana walicheka hadi wakashika mbavu. Mwanamke wa makamo, kanga imefungwa kiunoni, mikono inanuka mawese, anacheza Mpira wa Kesho! Alifungwa vibaya sana. Kesho yake akarudi, akafungwa. Lakini mikono inayojua kugeuza muhogo kwenye mafuta inajua kuwahi, na baada ya wiki chache kicheko kiliisha chenyewe. Hakutaka kuchezesha mtu mwingine yeyote ila yule winga. Mpira ukienda kwa wengine, alisubiri kwa subira mpaka urudi kushoto. Watu wakaanza kuja kumtazama yeye. Wanawake wa soko, ambao hawakuwa wamekanyaga pale, walijaa mlangoni na vikapu vyao, wakimpigia vigelegele.

Mchana mmoja wa mvua, chumba kikiwa kitupu na Gaspard amelala, nilimkuta anacheza peke yake. Winga aligongwa, akavunjika. Kitanda cha angani kikashuka, kikambeba. Viktoria akaacha kijiti, akangoja. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa utulivu. Mwezi mdogo ukaupita mkubwa. Winga akarudi, mzima.

"Umeona, Fundi," aliniambia bila kugeuka. "Mimi najua ni mashine. Sina wazimu. Lakini huyu wanakuja kumchukua, halafu anarudi. Napenda tu kuona anarudi."

 Nikasimama naye, na kwa muda huo, pamoja na mvua na ile rangi ya buluu, na mimi niliamini kwamba mahali fulani kuna uwanja ambao wote waliobebwa wanarudishwa.

Sasa lazima nieleze jambo la Walugbara ambalo mimi mtu wa Koboko nimelijua kwa kuishi nao. Kila mwanamume wao ana mlio wake, wanauita cere. Ni sauti ndefu ya juu, inapanda na kushuka kwa namna yake, na haifanani na ya mwingine. Mtu hulia cere yake akirudi nyumbani na furaha ya pombe, kwenye ngoma, na akiwa hatarini porini akihitaji watu. Anayemjua husema, huyo ni fulani, hata kama yuko bonde la pili. Vijana wa Mpira wa Kesho waliizoea ikawa desturi: anayefunga goli analia cere yake, na wauza samaki huko sokoni wanajua nani kafunga bila kuinua kichwa. Mwiko ni mmoja. Huwezi kulia cere ya mwenzio. Ukifanya hivyo umemchokoza, na popote alipo ni lazima aje mmalizane.

Viktoria alipofunga, hakulia kitu. Mara moja kijana mmoja akamtania, "Mama, winga yako hana sauti?" Viktoria alimtazama kijana yule mpaka akatoka nje mwenyewe.

Jioni ile, tukikunja kazi, nilimwuliza kwa upole. "Hujawahi kulia ile ya Dramadri? Kama iko hai na akisikia, si lazima aje?"

"Lazima aje," alisema. "Aje anipige mbele ya watu. Na mimi nitapigwa na furaha yangu yote."

"Sasa?"

Alifuta karai muda mrefu. "Sasa asipokuja, Fundi? Nikishalia, halafu asije?"

 Nilikunja futi yangu, nikaondoka. Kumbe ndivyo alivyokuwa ameishi miaka yote: sauti ya ndugu yake ameibana kooni, hataki kuitoa, maana maadamu haijatoka, mtu bado yuko njiani.

Msimu wa kiangazi ulipofika, vumbi la Arua likaanza kuimaliza mashine. Picha ikawa inatetemeka. Rangi nyekundu ikafifia, Koboko ikawa timu ya waridi, nikaudhika. Gaspard akatangaza kwamba siku ya soko kubwa itakuwa ya mwisho, kisha anaihamishia mjini Koboko kabla haijafa kabisa. Ili kuuaga mji akaandaa mechi ya mwisho: Viktoria na winga wake, dhidi ya bingwa mwingine. Bingwa mwingine alikuwa Kenyi, yule mchumba wa Paska. Mji mzima ulicheka kwa utamu wa jambo lile. Na Mzee Pitia akatuma neno kwamba siku hiyo hiyo atakuja kuchukua jibu, na akiondoka bila jibu, ng'ombe wa Kenyi watarudi walikotoka.

Siku ilifika, joto, anga jeupe. Soko lilifurika, Walugbara, Wakakwa, Wakongomani, wauza madera, wauza chumvi. Mama Marcelline alikuwa na madumu yake mahali pake, hatua chache kutoka barazani kwetu. Paska alisimama karibu na cherehani yangu, anauma kona ya kitambaa chake. Mzee Pitia alikataa kiti. Alisimama mlangoni na fimbo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitazama Mpira wa Kesho.

"Huyu nyekundu ya kushoto," alisema polepole. "Anakimbia kama..." 

Kenyi alicheza kwa heshima sana, kama mtu anayecheza na mama mkwe. Viktoria hakuwa na heshima ya mtu. Alimfunga goli moja, wanawake wakapiga vigelegele, Kenyi akarudisha. Kisha winga akapata mpira kushoto, akaanza kushuka, amelala upande, mkono ubavuni, na chumba kizima kikasimama kwa vidole. Beki wa buluu akamwendea. Wakagongana. Winga akaanguka.

Kitanda hakikushuka.

Mashine ilikuwa mgonjwa, ndiyo hivyo. Ilitetemeka, ikakoroma, na mchezo ukaendelea, wengine wote wakikimbia, mpira ukiwaka huku na huku, na winga amelala pale pale kwenye buluu, vipande vipande, nyota chini yake. Wenzake walikuwa wanamzunguka. Viktoria alibonyeza. Akabonyeza tena, akavuta kijiti hadi kabati likayumba.

"Amka," alisema. "Mchukueni basi. Mbona hawaji? Gaspard! Mbona hawaji kumchukua?"

"Mama, ni mashine inachoka..."

"Amelala peke yake!"

Kenyi aliachia kijiti chake. Kila mtu mle ndani alijua kwamba hazungumzii kioo.  Viktoria akageuka, akatupita sote, akapita ubavuni pa Mzee Pitia, akatoka nje hadi ukingoni mwa baraza, uso kwenye soko. Akalia.

Sijui nitaielezaje. Ilianza chini, ikapanda mahali pamoja, ikapumzika, ikapanda tena juu zaidi, kisha ikaanguka kwa kutetemeka. Ilikuwa sauti ya mwanamke, lakini mlio ulikuwa wa mwanamume. Niliwahi kuisikia Koboko zamani, uwanjani, winga akikimbia mikono juu. Fimbo ya Mzee Pitia ilianguka. Wazee wawili watatu wa Pajulu waliokuwa kwenye tumbaku wakasimama wima. Na soko lile, ambalo halijawahi kunyamaza hata siku za msiba, lilinyamaza.

Viktoria akangoja. Alikuwa ameshusha mikono, hajajikinga, kama mtu aliye tayari kupigwa. Alitazama barabara ya Koboko, kisha ile inayokwenda mpakani. Vumbi lilikuwa linapita taratibu na jua ndani yake. Mimi nami nilitazama, na Mungu anisamehe, nilitarajia. Nilimwona kabisa akilini, anakuja mbio amelala upande, amekasirika, nani huyo anachezea jina langu. Jenereta ikakohoa nyuma ya nyumba, ikazimika. Hakuna aliyekuja.

Halafu mtu akaja. Alikuwa Mama Marcelline. Alikuwa anapita katikati ya watu, ameacha madumu yake wazi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Nani amelia ile?" aliuliza. Akamgeukia Viktoria, akamwita dada kwa lugha ya kwao. "Yaya, ni wewe? Ile ulisikia wapi?"

"Ni ya ndugu yangu," alisema Viktoria.

Marcelline alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. "Mwaka ya wakimbizi," alisema, "asubuyi mapema, tulisikia mutu analia ile, karibu na kajito, pembeni ya shamba yetu. Tukaogopa. Akalia tena. Bwana yangu Emile akasema, ile si adui, ile ni mutu anaita. Tukaenda na majembe mukononi."

"Mulimkuta hai?" Mzee Pitia aliuliza, na sauti yake haikuwa ya kambini tena.

"Hai, papa. Alikuwa na risasi hapa." Akaukunja mkono wake wa kushoto, akaubana ubavuni. "Alikuwa anashika hivi."

Paska alitoa sauti ndogo. Hakuwahi kumwona baba yake akicheza, lakini alikuwa amemwona winga wa kwenye kioo.

"Tulimupa maji. Nguvu ya kusema ilikuwa imekwisha. Alikuwa analia ile tu, polepole, polepole, mupaka jua ikatoka. Sisi si Walugbara, yaya, sisi tulihamia pale toka Bunia. Hatukujua kama ile ni jina yake. Tulifikiri ni maumivu tu. Emile alimufumba macho. Tukamuzika kwa shamba, na tukauliza wakimbizi, kila mutu alikuwa na yake. Ile sauti iko kwa masikio yangu mupaka leo."

 Nilidhani Viktoria ataanguka, nikasogea. Hakuanguka.

"Alilia," alisema, "na mulikuja."

"Tulikuja, yaya."

"Hakuwa peke yake."

"Hapana. Tulikuwa wote pale. Hata watoto."

Ndipo Viktoria alipolia machozi, ya miaka yote kwa pamoja, na Marcelline akamshika, na wanawake wa soko wakakaa chini kuwazunguka. Kenyi alikwenda kufunika yale madumu ya mawese. Mzee Pitia aliokota fimbo yake, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaipangusa tena.

Gaspard alihamisha mashine wiki ile. Nasikia huko Koboko haikuishi sana, ingawa watu wa kwetu wanaisimulia mpaka leo kana kwamba walicheza wenyewe juu ya nyota. Sisi tulivuka mpaka kwenda kufanya matanga, na pombe, na mbuzi, na jamaa za Pajulu. Kenyi na Paska walikuja nyuma wakiwa wamebeba vyombo; ng'ombe, Mzee Pitia alisema, atawapokea tukirudi. Nilishona shati jeupe la Mzee Pitia kwa ajili ya safari ile, na sikumtoza kitu.

Shamba la Emile na Marcelline lilikuwa la mihogo, mirefu, ya kijani, imepangwa mistari. Katikati palikuwa na kipande kisicholimwa, nyasi fupi, mawe pembeni. Kila msimu walikuwa wanalima wanakizunguka. Mzee Pitia aliita jina la Dramadri pale kwa sauti, na wanaume wakalia kila mmoja cere yake, bonde zima likajaa. Hewa ilikuwa imetulia, na mwezi wa mchana, mmoja tu, ulikuwa umeshatoka juu ya miti.

Viktoria alikaa kwenye nyasi na Marcelline, bega kwa bega. Alikuwa anapapasa ardhi kwa kiganja kama anayemlaza mtoto.

"Miaka yote hii," alisema, "nilikuuliza bei ya mafuta tu."

"Na mimi," Marcelline akasema, "nilikujibu bei tu."